Mumiani wa Buguruni: Namna Fikra za Ndani Zinavyoongoza Matendo Yetu na ya Wenzetu

Mtu apitaye leo Buguruni, pale Barabara ya Uhuru inapokutana na Barabara ya Mandela, huona mahali palipojaa watu, magari, maduka na sauti za wachuuzi. Si rahisi kwake kukumbuka kwamba mwaka 1959 Buguruni ilikuwa bado kijiji kilichokuwa ukingoni mwa mji wa Dar es Salaam, mwendo wa miguu tu kutoka Kariakoo. Mwaka huo ulikuwa miongoni mwa miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza katika Tanganyika, na ndani yake kulizuka ghasia kijijini hapo. Ghasia hizo hazikuanzishwa na njaa, wala kodi, wala ugomvi wa ardhi. Zilianzishwa na fikra: shaka kwamba miongoni mwa watu kulikuwa na mumiani, yaani mtu akamataye wenzake gizani na kuwatoa damu ili iuzwe kama dawa. Polisi walipoingilia kati, mambo yalizidi kuchafuka, na askari polisi mmoja akauawa.

Ndugu msomaji, tulizingatie jambo hili kwa makini. Mumiani wa namna hiyo hakuwapo. Hata hivyo, watu walitoka majumbani, walikusanyika, walishika silaha, na mtu akafa. Kitu ambacho hakikuwapo duniani, bali kilikuwamo vichwani tu, kilitenda kazi kama kitu kilicho na mikono na miguu. Je, sayansi inaweza kutueleza jambo hilo limewezekanaje? Fikra iliyo ndani ya kichwa cha mtu mmoja hufika vipi katika mikono yake, kisha katika kichwa cha jirani yake, na hatimaye katika mikono ya umati mzima? Makala haya yatajaribu kuifuata njia hiyo, hatua kwa hatua.

Neno na historia yake

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Asili yake ni neno la Kiajemi, mumiya, lililokuwa jina la aina ya lami nyeusi itokayo katika miamba. Kwa karne nyingi lami hiyo iliuzwa kama dawa ya mifupa iliyovunjika na maumivu ya mwili. Wazungu nao walilichukua neno hilohilo, wakaliita kwalo maiti za kale za Misri zilizohifadhiwa kwa dawa, na katika karne ya 16 na ya 17 maduka ya dawa ya Ulaya yaliuza unga wa maiti hizo ili wagonjwa wanywe. Kwa hiyo, wazo la kutumia mwili wa mtu kama dawa halikuzaliwa katika pwani yetu peke yake.

Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, dawa hiyo nyeusi ilifika kwa njia ya biashara ya Bahari ya Hindi. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939 chini ya uhariri wa Frederick Johnson iliieleza kuwa ni kitu kama utomvu mweusi kilichotumiwa na baadhi ya watu kama dawa, ikaongeza kwamba wengi waliamini kuwa ni damu ya binadamu iliyoganda, na kwamba tetesi za mumiani zilipoenea mjini watu waliogopa kutoka nje baada ya jua kuchwa. Baadaye jina la dawa likawa jina la mtu aitafutaye. Hofu za namna hiyo zilienea mbali. Katika sehemu nyingi za Kenya, Uganda na Tanganyika wanyonyaji hao wa kubuniwa waliitwa wazimamoto, kwa kuwa watu walidhani kwamba magari mekundu ya kuzimia moto yalihusika na kazi ya kuchukua damu.

Isidhaniwe kwamba watu wa Buguruni walikuwa wajinga kuliko wengine. Fikra haioti mahali pasipo na udongo. Walikuwa chini ya serikali ya kigeni ambayo hawakuichagua. Waliona madaktari wakichukua damu kwa sindano na kuitia katika vichupa bila kueleza sana inakwenda wapi. Waliona magari yakipita usiku kwa shughuli wasizoambiwa. Mahali penye mambo mazito na maelezo machache, akili ya binadamu hujitengenezea maelezo yake yenyewe. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Unyasi si nyoka, lakini mshtuko ni wa kweli.

Kutoka wazo hadi msuli

Watu wengi hudhani kwamba wazo ni kitu kikaacho ndani kimya mpaka mtu aamue kulitenda. Wataalamu wamegundua kwamba sivyo. Wazo lenyewe, kabla ya uamuzi wowote, huanza kuusukuma mwili.

Mwaka 1833, mkemia wa Kifaransa Michel Eugène Chevreul alichapisha matokeo ya majaribio yake juu ya timazi, yaani kitu kizito kilichofungwa uzini na kuning'inizwa kutoka mkononi. Katika siku zake watu walidai kwamba timazi likishikwa juu ya madini fulani lilicheza lenyewe kwa nguvu iliyofichika. Chevreul alijaribu, na kweli timazi likacheza. Lakini hakuridhika. Aliutegemeza mkono wake juu ya kitu imara, na mchezo ukapungua. Alifumba macho kwa kitambaa, na mchezo ukakoma. Akatambua kwamba nguvu haikutoka katika madini. Ilitoka mkononi mwake mwenyewe: kule kuliona timazi na kutazamia kwamba litacheza kulitosha kuitikisa misuli yake kwa kiasi kidogo mno, asichokihisi. Mwaka 1852, mwanasayansi wa Kiingereza William Carpenter aliipa tabia hii ya mwili jina la kitaalamu, akaeleza kwamba wazo linaweza kuendesha msuli bila ya nia ya mwenyewe.

Hofu nayo ina njia yake mwilini. Mtu anapofikiri kwamba yumo hatarini, ubongo hupeleka habari kwa haraka kwenye tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo, nazo humwaga damuni kemikali iitwayo adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi hukazana, sukari huongezeka katika damu na misuli hukakamaa. Mtaalamu wa Kimarekani Walter Cannon alieleza mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba mabadiliko hayo humtayarisha mnyama ama kupigana ama kukimbia. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba tezi hizo haziulizi kama hatari ni ya kweli. Chui aliye mlangoni na mumiani aliye mawazoni huamsha adrenalini ileile. Kwa hiyo, mtu aliyekaa Buguruni usiku ule akiwaza habari za mumiani alikuwa tayari, katika damu yake na misuli yake, nusu ya njia kuelekea kwenye mapigano.

Wazo huchagua tutakachokiona

Hatua ya pili ni ya macho na masikio. Tunapenda kusema kwamba tunaamini tunachokiona. Mara nyingi ni kinyume chake: tunaona kile tulichokwisha kukiamini.

Mwaka 1960 mtaalamu wa saikolojia wa Kiingereza Peter Wason alichapisha jaribio rahisi ambalo kila mwalimu wa hesabu anaweza kulirudia. Aliwapa watu tarakimu tatu: 2, 4, 6. Aliwaambia kwamba tarakimu hizo zinafuata kanuni fulani aliyonayo moyoni, nao waigundue kanuni hiyo kwa kutaja tarakimu nyingine tatu tatu, na yeye awajibu kama zinafuata kanuni au hazifuati. Wengi walidhani mara moja kwamba kanuni ni kuongeza mbili. Basi wakataja 8, 10, 12, wakaambiwa ndiyo. Wakataja 20, 22, 24, wakaambiwa ndiyo. Wakatangaza kanuni yao kwa furaha, nao wakaambiwa wamekosa. Kanuni ilikuwa tarakimu zozote tatu zinazopanda. Mtu ambaye angejaribu 3, 7, 50 angelijua hilo upesi, lakini wengi hawakujaribu, kwa sababu walitafuta mifano ya kuithibitisha dhana yao tu, wala hawakutafuta mfano wa kuivunja.

Tuirudie sasa habari ya mumiani. Mtu mwenye dhana hiyo akiona gari jekundu usiku, huhesabu ushahidi mmoja. Jirani akichelewa kurudi, ushahidi wa pili. Mgeni akipita na mfuko, ushahidi wa tatu. Mamia ya magari yaliyopita bila ya madhara, na mamia ya wageni waliopita wakaenda zao, hayahesabiwi kabisa. Baada ya juma moja mtu huyo atasema kwa moyo mweupe kwamba ameyaona kwa macho yake mwenyewe, na hatakuwa mwongo. Amedanganywa na daftari lake la kumbukumbu, ambalo lina safu moja badala ya mbili.

Je, wazo hupitaje kwa mtu mwingine?

Wako watu wanaoamini kwamba fikra za mtu husafiri hewani kama mawimbi ya redio na kuingia katika akili ya mwingine. Jambo hilo limejaribiwa mara nyingi, wala halikupata kuthibitishwa. Hata hivyo, fikra hupita kweli kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Njia yake ni ya kawaida kuliko tudhanivyo, na kwa sababu ni ya kawaida hatuiangalii.

Mwanzoni mwa karne ya 20 palikuwa na farasi mjini Berlin, Ujerumani, aliyeitwa Hans. Bwana wake, Wilhelm von Osten, alikuwa amekwisha kuwa mwalimu wa hesabu, naye alimfundisha Hans kwa miaka mingi. Farasi huyo alipoulizwa hesabu alijibu kwa kugonga chini kwa kwato mpaka akafika kwenye jawabu, kisha akanyamaza. Mwaka 1904 kamati ya watu wenye ujuzi ilimchunguza na haikuona hila yoyote. Ndipo kijana mtafiti Oskar Pfungst alipoanza majaribio yake kwa utaratibu. Aliona kwamba Hans alijibu sawasawa muulizaji alipolijua jawabu. Muulizaji asipolijua, farasi alishindwa. Vilevile farasi alishindwa alipozuiwa kumwona muulizaji. Ukweli ni kwamba kila muulizaji aliinamisha kichwa kidogo alipokuwa akihesabu kwato, na kwato zilipofika kwenye jawabu alikiinua kidogo sana bila kujua. Farasi alikuwa akisoma kichwa cha mtu, wala hakuwa akihesabu. Pfungst alitoa taarifa yake mwaka 1907, na ndani yake alieleza kwamba hata yeye mwenyewe, baada ya kuigundua siri, aliona shida kuyazuia maungo yake yasitoe ishara hiyo.

Ikiwa farasi anaweza kulisoma wazo letu katika shingo zetu, seuze mtoto wa shule, mke, mume, au jirani tuliyeishi naye miaka 20! Uso, sauti, macho, umbali tunaosimama, muda tunaongoja kabla ya kujibu: yote hayo ni maandishi, na wenzetu huyasoma mchana kutwa hata wakati ambapo sisi wenyewe hatujui kwamba tumeandika.

Matarajio ya mwalimu

Kwa walimu jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na mwenzake Kermit Fode, wa Marekani, walieleza jaribio walilowapa wanafunzi wa chuo kikuu. Wanafunzi waliambiwa wawafundishe panya kupita katika njia zenye kupotezana. Baadhi yao waliambiwa kwamba panya wao ni wa ukoo wenye akili, na wengine wakaambiwa kwamba wao wamepewa panya wazito wa kujifunza. Kusema kweli panya wote walikuwa wa namna moja. Lakini panya walioitwa wenye akili walijifunza vizuri zaidi. Waliokuwa na matumaini waliwashika panya wao kwa upole zaidi na kuwashughulikia kwa hamu zaidi.

Mwaka 1968 Rosenthal pamoja na Lenore Jacobson, aliyekuwa mkuu wa shule ya msingi huko California, walitoa kitabu juu ya jaribio kama hilo lililofanywa kwa watoto. Walimu walitajiwa majina ya watoto wapatao mmoja katika kila watano, wakaambiwa kwamba mtihani maalumu umeonyesha kuwa watoto hao wataendelea kwa kasi mwaka huo. Majina yalikuwa yamechaguliwa kwa bahati nasibu. Mwisho wa mwaka, hasa katika madarasa mawili ya chini, watoto waliotajwa walikuwa wameongeza alama za majaribio ya akili kuliko wenzao.

Ni wajibu wetu kusema kwamba jaribio hilo lilibishaniwa sana. Wataalamu wengine walikosoa vipimo vilivyotumika, na utafiti uliofuata katika miaka mingi umeonyesha kwamba kwa kawaida nguvu ya matarajio ya mwalimu ni ndogo kuliko ilivyosemwa mwanzoni. Mara nyingi mwalimu humtazamia mtoto kushinda kwa kuwa mtoto huyo kwa kweli anajua. Lakini ndogo haina maana ya hapana. Nguvu hiyo huonekana zaidi kwa watoto ambao jamii imekwisha kuwadharau. Tena njia yake inajulikana. Mwalimu humtabasamia zaidi yule anayemtumainia, humpa mafunzo mengi zaidi, humwuliza maswali mara nyingi zaidi, na humngoja kwa subira anapofikiri. Yule asiyemtumainia humngoja kidogo tu, kisha huligeuza swali kwa mwingine. Mtoto hahitaji kuambiwa lolote. Amekwisha kuisoma hukumu yake katika muda wa kungojwa.

Lisemwalo lipo

Mwaka 1948 mwanasosholojia Robert Merton alieleza kwamba baadhi ya mawazo ya uongo hugeuka kuwa kweli kwa sababu tu watu wameyaamini na kutenda kwa kuyafuata. Mfano wake ulikuwa benki iliyo nzima: watu wakivumisha kwamba inafilisika, wote hukimbilia kutoa fedha zao siku moja, na benki hufilisika kweli. Wahenga wetu walilijua jambo hili waliposema, lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Tuseme uvumi umeingia Kariakoo kwamba sukari itaadimika kesho. Kila mnunuzi hununua kilo tano badala ya moja, na muuzaji huficha akiba yake akingoja bei ipande. Ifikapo jioni sukari imeadimika, na yule aliyevumisha husema, mwaona, niliwaambia!

Je, kwa nini uvumi mwingine huenea na mwingine hufa? Wataalamu wawili wa Marekani, Gordon Allport na Leo Postman, walilichunguza swali hilo wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakachapisha kitabu chao mwaka 1947. Walisema kwamba nguvu ya uvumi hutegemea mambo mawili yanayozidishana: uzito wa jambo kwa wanaolisikia, na giza lililoligubika. Kwa kuwa ni kuzidisha, moja likiwa sifuri jawabu nalo ni sifuri. Jambo zito lenye maelezo ya wazi halizai uvumi, na jambo la gizani lisilomhusu mtu halizai uvumi pia. Damu ni jambo zito kuliko yote, na katika Tanganyika ya 1959 maelezo juu ya shughuli za wakubwa yalikuwa machache. Hesabu hiyo ilitosha.

Tena umati una nguvu yake. Katika miaka ya 1950 Solomon Asch aliwaonyesha watu mistari na kuwataka waseme ni upi ulio sawa kwa urefu na mstari wa kupimia. Jawabu lilikuwa dhahiri. Lakini katika kila kundi mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akijaribiwa. Wengine walikuwa wamepangwa kutoa jawabu la makosa kwa sauti moja. Takriban theluthi moja ya majibu ya wale waliojaribiwa yalilifuata kosa la wengi, na takriban robo tatu yao walilifuata angalau mara moja. Kisha Asch alibadili jambo moja: alimweka katika kundi mtu mwingine mmoja tu aliyesema kweli. Makosa yakapungua hadi robo ya yale ya awali. Sauti moja ya pili ilitosha kumrudishia mtu macho yake.

Kicheko cha Kashasha

Nchi yetu ina tukio jingine linalotajwa katika vitabu vya saikolojia duniani kote. Tarehe 30 Januari 1962, majuma machache tu baada ya Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, katika eneo la Bukoba, walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Hali hiyo iliwaenea wenzao. Kufikia tarehe 18 Machi, siku shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walipopelekwa makwao, hali ilizuka Nshamba, kijiji cha baadhi yao, na katika miezi ya Aprili na Mei ikawapata watu 217. Shule nyingine ya wasichana, Ramashenye, nayo ilifungwa baada ya wanafunzi 48 kati ya 154 kupatwa.

Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip walichunguza na kutoa taarifa yao mwaka 1963. Hawakuona sumu katika chakula, wala virusi, wala homa iliyoweza kulieleza jambo hilo. Walimu wa shule hawakupatwa. Kila aliyepatwa alikuwa amekutana na mwingine aliyepatwa kabla yake. Rankin na Philip walihukumu kwamba ulikuwa ugonjwa wa nafsi uenezwao kwa kuonana. Wala haikuwa furaha, kwani wasichana wale walikuwa na hofu na wengine walisema wanaogopa kufuatwa na kitu. Hofu isiyokuwa na njia ya kusemwa ilijitafutia njia katika mwili, na mwili mmoja ukawa mfano kwa mwingine.

Bei ya fikra isiyopimwa

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya zamani, na kwamba shule zimeyamaliza. Si hivyo. Tarehe 1 Oktoba 2016, watumishi watatu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walifika katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma. Wawili walikuwa watafiti na mmoja dereva. Walikwenda kuchukua sampuli za udongo, kazi yenye manufaa kwa mkulima yule yule aliyewaona wakipita. Mtu mmoja aliwashuku kuwa wanyonya damu, akapiga yowe. Shaka ikatangazwa kwa kipaza sauti, umati ukakusanyika, na watu wote watatu wakauawa na gari lao likachomwa moto.

Tutie tukio hilo katika hatua tulizozieleza. Wazo lilikuwapo tayari, limerithiwa tangu zamani za wakoloni. Gari geni na vifaa vigeni vikachaguliwa na macho kuwa ushahidi. Yowe likaisambaza hofu, adrenalini ikafanya kazi yake katika kila mwili uliosikia, kipaza sauti kikaupa uvumi sura ya tangazo, na wengi wakawa na sauti moja. Mahali hapo haikupatikana kwa wakati sauti ya pili yenye nguvu, kama ile ya jaribio la Asch, ambayo ingeuliza: Tumewauliza wao ni nani? Mkebe wao una nini ndani?

Kutokana na hayo, mtu mwenye elimu ana wajibu wa namna mbili. Mwenye kazi miongoni mwa watu, awe mtafiti, mganga au mpimaji wa ardhi, hana budi kulipunguza giza kabla ya kuanza kazi: ajitambulishe kwa viongozi na wananchi, aeleze anachokichukua, kwa nini, na kinakwenda wapi. Naye mwananchi anayeisikia habari ya kutisha hana budi kuuliza ni ushahidi gani ungeonyesha kwamba habari hiyo si kweli, kisha autafute huo kwanza. Mawazo hayazuiliwi kuingia kichwani. Linalowezekana ni kuyapima kabla hayajafika mikononi.

Majaribio na maswali kwa wanafunzi

1. Chukua uzi wa sentimeta 30, ufunge nati mwishoni. Chora msalaba kwenye karatasi. Shika uzi ili nati ining'inie juu ya makutano ya mistari, ukiwa umekiinua kiwiko. Usiutikise mkono, bali fikiri tu kwamba nati inakwenda mbele na nyuma. Andika kilichotokea baada ya dakika mbili. Sasa tegemeza kiwiko mezani, kisha urudie ukiwa umefumba macho. Eleza tofauti.

2. Mwalimu awape wanafunzi tarakimu 2, 4, 6 kwa kanuni ya Wason bila kuwaeleza siri yake. Hesabuni ni wangapi waliojaribu tarakimu za kuivunja dhana yao kabla ya kutangaza jawabu.

3. Mwanafunzi mmoja asomewe habari fupi yenye mambo 15, aisimulie kwa wa pili nje ya darasa, wa pili kwa wa tatu, hadi wa nane. Andikeni mambo yaliyopotea, yaliyokuzwa, na yaliyoongezwa. Je, yaliyoongezwa yanafanana na mambo gani ambayo darasa lenu huyaamini tayari?

4. Mwalimu achague siku moja, mwanafunzi mmoja apime kwa saa muda ambao mwalimu anamngoja kila mwenye kujibu. Je, muda huo ni sawa kwa wote? Swali hili ni la mwalimu zaidi kuliko la wanafunzi.

5. Jadilini: Ungekuwa Buguruni mwaka 1959, na umati umekwisha kukusanyika, ungesema neno gani, na ungelisema kwa nani kwanza?